Slaidi Zilizosafiri na Fomalini

Ndugu msomaji, una tabia mbaya. Mgonjwa wako akipona, unamshukuru daktari mpaka unakaribia kupiga magoti. Mtu wa maabara? Hata sura yake huijui. Haya, leo utamjua mmoja, na usiponuna basi una roho ya jiwe.

Wenzake wanamwita Mama Zambarau. Miaka kumi na tisa anapaka rangi uboho, ule urojo mwekundu unaofyonzwa kwa sindano kutoka ndani ya mfupa wa nyonga, na vidole vyake vimegeuka zambarau, hata jiki imenyoosha mikono. Binti yake humtania, "Mama, wewe hata ukipotea, tutakutafuta kwa kucha."

Kazi yenyewe haitaki pupa. Uboho unatandazwa mwembamba juu ya slaidi, kile kipande cha kioo, unaachwa ukauke, unalowekwa kwenye spiriti, halafu rangi, halafu unasuuzwa, kila hatua na dakika zake. Ukipatia, chini ya hadubini kila chembe inajitaja yenyewe: kiini zambarau, mwili buluu, punje pinki. Zile chembe changa za saratani ya damu hazina pa kujificha. Ukikosea, unaangalia tope.

Jumanne asubuhi ukaletwa mfuko kutoka wodi ya watoto. Ndani slaidi sita za msichana wa miaka tisa, homa wiki tatu, fizi zinatoka damu. Na humohumo, bega kwa bega na slaidi, chupa ya fomalini, ile dawa kali ya kuhifadhia vipande vya mwili visioze, yenye kipande cha mfupa wake. Kifuniko kimelegea. Mama Zambarau kufungua tu, pua ikamchoma. Mvuke wa fomalini ukiiwahi slaidi kabla ya rangi, slaidi hiyo imekwisha. Akapaka mbili hivyohivyo. Zikatoka kijani mwanzo mwisho, kama maji ya bwawa. Akapaka nne zilizobaki. Yaleyale.

Mkuu wa maabara akachungulia kwenye hadubini. "Andika chembe za saratani hazikuonekana. Tufunge faili."

"Bosi, hakuna chochote kilichoonekana."

"Si ndiyo hivyohivyo?"

"Si hivyohivyo! Kipofu akikwambia chumba hakina nyoka, utalala humo?"

Alijua kitakachofuata. Karatasi ile ikipanda wodini, mtoto anapewa vidonge vya kuongeza damu, anarudishwa nyumbani, ugonjwa unaendelea kumla kimyakimya. Akaandika kwa mkono wake: *Sampuli imeharibiwa na fomalini. Irudiwe.*

Nusu saa haikupita, daktari akashuka ngazi mbiombio. Ndiye aliyefunga ule mfuko.

"Wewe mama, unataka nimtoboe mtoto mfupa mara ya pili kwa sababu ya rangi zako?"

"Kwa sababu ya mvuke wako, daktari. Tangazo nimebandika wodini kwenu mara tatu: slaidi mfuko wake, chupa mfuko wake."

"Sisi kule juu tuna kazi nyingi."

"Na sisi huku chini tunacheza karata?"

Akachukua slaidi mpya, akavua koti la maabara lenye madoa, akavaa safi, akatangulia ngazi. Daktari akamfuata, atafanyaje?

Baba wa mtoto, fundi seremala, alikuwa amesimama kando ya kitanda. Aliposikia neno kurudia, akapandisha sauti. "Jana amelia mpaka sauti imekauka! Kosa la nani?"

Daktari akaanza kukagua dari.

"Kosa ni letu, baba," alisema Mama Zambarau. "Wewe fundi. Ubao umemwagikiwa mafuta, ukiupaka vanishi inashika?"

"Haishiki."

"Unafanyaje?"

Yule baba akamtazama binti yake. "Nachukua ubao mwingine." Akakaa, akamshika mtoto mikono yote miwili. "Fanyeni. Ila safari hii mkiharibu, tutaelewana vibaya."

Daktari akafyonza upya, Mama Zambarau akatandaza uboho mwenyewe juu ya slaidi palepale kando ya kitanda, akashuka na slaidi mkononi. Saa tisa alasiri zilikuwa tayari. Chembe changa zilijaa kila alipotazama, viini vikubwa, zambarau, wazi kabisa. Saratani ya damu. Alhamisi mtoto akaanza dawa.

Na Ijumaa? Ijumaa Mama Zambarau akapewa barua ya onyo, ametoka kituo chake cha kazi bila ruhusa. Imesainiwa na mkuu yuleyule wa "tufunge". Aliyechanganya slaidi na fomalini hakupewa hata kikaratasi!

Sasa nakuomba kitu kimoja, na nakuomba kweli. Siku mtu wako akitolewa uboho, usiende kukaa kwenye benchi na simu. Simama pale, angalia vinavyofungwa. Ukiona slaidi na chupa vinatiwa mfuko mmoja, sema vitenganishwe, na sema kwa sauti. Wakikuita kiherehere, itika.