Isale Kando ya Kiota

Machi, kabla ya masika, ndege wahamiaji hukusanyika kwenye kinamasi cha hifadhi kilicho chini ya Rau. Mbayuwayu hukaa juu ya matete, wanakula wadudu mpaka wananenepa, kisha siku moja unafika asubuhi na hawapo. Wameelekea kaskazini, ambako baridi ndiyo kwanza inaisha. Nimewahesabu miaka minne sasa, tangu magoti yalipokataa kupandisha wageni mlimani. Niliambiwa kuhesabu ndege hakuhitaji magoti. Aliyeniambia hajawahi kutembea kwenye tope.

Mwaka huu, mwishoni mwa Februari, niliona kiota cha korongo taji pembezoni, pale majani ya hifadhi yanapokutana na jaruba la mpunga la mama mmoja. Mayai mawili. Korongo hawa hutaga chini, katikati ya majani marefu. Majani yakikatwa, jua na kunguru humaliza kazi. Wakata majani walipoanza kusogea, nilitaka wapaone mahali pale na kupakwepa. Nikachukua nilichokuwa nacho nyumbani, vipande vinne vya mmea wa isale, nikavichomeka kuzunguka kiota.

Ni uchovu tu ulionifanya nisifikiri. Mtoto yeyote wa Kichagga anajua isale ni mpaka. Ukilichomeka ardhini, umesema hapa ni pangu.

Siku mbili baadaye nilikuta masale yameng'olewa na majani yamefyekwa pande tatu. Mwenye jaruba alikuwa amesimama hapo, mundu mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mlima umekushinda, sasa umekuja kunipimia shamba?"

Nilimweleza taratibu, kama nilivyozoea kuwaeleza wageni wanaohema. Nikamwonyesha kiota, maana hakuwa amekiona. Nikamwambia jike na dume hupokezana kuatamia karibu mwezi mzima, na hawa wamebakiza siku chache. Akasikiliza. Akauliza kama dume naye hukaa kweli juu ya mayai, nikasema ndiyo, akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyelea watoto peke yake. Lakini mundu hakuuweka chini.

"Ndege wako ana mayai," alisema. "Mimi nina ng'ombe amezaa juzi. Ale nini?"

Nikasema nitamletea majani ya kwangu, na yeye aache upande ule uliobaki.

Nyumbani kwangu ni mwendo wa nusu saa. Kila asubuhi nilikata majani na vigogo vya migomba, nikafunga mzigo, nikaubeba begani. Siku ya tano nilipumzika mara tatu njiani. Ya saba sikuhesabu mbayuwayu hata mmoja. Nilikuwa naangalia miguu yangu.

Siku ya tisa nilimkuta ameshafika, amechuchumaa mbali kidogo na kiota. Akaniashiria nisikaribie.

"Kimoja kimetoka," alininong'oneza. "Cha pili bado. Kesho lete tena."

Nikautua mzigo, nikaukalia.