Amri Yangu ya Kupumzika

Mwaka 1967, serikali ikiwa imewakusanya wafugaji tangu mwaka uliotangulia ndani ya vijiji vilivyozungushiwa seng'enge, mimi Kasyoka nilikuwa muuguzi wa zahanati katika kijiji kimojawapo, kaskazini ya Wajir. Hasira niliyokuwa nayo mwaka ule ningeweza kuwagawia watu na bado ikabaki.

Dokata, mwanamke wa Kiborana wa miaka thelathini na sita, alikuwa na ugonjwa unaokula neva. Daktari mmoja Mzungu huko Nairobi aliuita sklerosisi. Miguu yake ilikuwa inakufa ganzi, inarudi, inakufa tena. Asubuhi za kuhesabiwa watu, askari walimwambia anajifanya, kwa kuwa juzi walimwona akitembea. Hayo aliyavumilia. Kilichonitisha ni kwamba mwezi wa tano aliacha kula, akaacha kusema, akageukia ukuta wa mikeka.

Nikamwandikia daktari mkuu kuomba vidonge vya kutibu huzuni, maana nilijua vipo. Akanijibu kwa mstari mmoja: mtu mwenye miguu kama ile, nani asingehuzunika? Nilisoma mara tatu. Kwa hiyo mwenye sababu ya kulia asitibiwe? Aliyevunjika mguu tusimfunge banzi, kwa kuwa tunaujua mti uliomwangusha? Nikaandika tena, safari hii bila heshima.

Kisha nikaenda kwa Isacko, mumewe, nikitafuta mtu mwingine wa kumgombeza. Nikamkuta anamkanda mkewe miguu kwa samli. Mtu mwema, na wema wake ukanizidishia hasira. Mlangoni Kaltuma, dada yake Isacko, alikuwa aking'ata ncha za buni za kahawa kabla ya kuzikaanga. Kwa Waborana kazi hiyo ni ya mama mwenye nyumba. Yeye ndiye anayezikaanga kwa samli na kuzipakua, na wazee wanaiombea nyumba yake baraka.

"Mbona anakaanga Kaltuma?" nikauliza.

"Sista, wewe nasema apumzike kabisa," Isacko akanijibu. "Mwaka moja sasa, hapana gusa kitu."

Ni kweli, amri hiyo niliitoa mimi, kwa kiburi cha sare yangu nyeupe. Nilimnyang'anya Dokata nyumba yake, nikaita matibabu.

Sikuomba radhi, sikujua pa kuanzia. Nikamwinua Dokata, nikamkalisha karibu na jiko, nikampa buni. Akanitazama kwa chuki, nami nikafurahi kuiona. Vidole vyake havikuhisi kitu. Nusu ya buni ikamwagika chini. Isacko akanyoosha mkono kumsaidia.

"Wacha," Dokata akasema, neno lake la kwanza baada ya wiki tatu. "Nyumba ni ya mimi. Nani nasema mimi nakufa?"

Buni si dawa, na atakayesema nilimponya kwa buni nitambishia. Kesho yake alilia kutwa nzima. Vidonge vilikuja mwezi wa saba kwa lori la jeshi, bila barua. Akavimeza kila siku, na kila siku nilimuuliza habari za moyo kabla ya kuuliza za miguu. Polepole akarudi kula.

Miguu haikupona. Mwezi wa tisa, akiwa amekaa jikoni kwake, aliniita.

"Sista," akasema, "mwaka yangu moja, nani narudisha?"