Kibao cha Bi. Guidry bado kinatafuta mlango

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, simu ya Renita Guidry iko juu ya friji, na mwenyewe amesimama mbele yake akiwa amekwisha kuvaa viatu. Sketi imepigwa pasi. Chakula cha mchana kimefungwa. Hajaitwa kazini, na huenda leo asiitwe kabisa.

Simu inalia saa kumi na mbili kasorobo.

“Darasa la nne, namba kumi na nne,” inasema sauti ya karani wa shule. “Bi. Kruse ana mafua.”

“Nakuja,” anajibu Renita. Ufunguo wa gari uko mkononi tayari.

Mumewe, Alvin, anachungulia kutoka chumbani. “Maskini Bi. Kruse,” anasema. “Tumwombee apone. Ila asiharakishe.”

Renita, mwenye umri wa miaka arobaini na tatu, ni mwalimu wa akiba katika shule ya msingi ya kambi ya jeshi la Marekani hapa Okinawa, kisiwa cha Japani. Kama mchezaji wa akiba, anaingia pale mwenye namba anapoumia. Akiitwa, analipwa dola mia na kumi na tano kwa siku. Asipoitwa, anapanga kabati la vyombo, kisha analipangua.

Shahada anayo. Leseni ya ualimu anayo, amekwisha kuihuisha mara nne. Kila Januari kwa miaka tisa amejaza fomu zilezile za kuomba ajira ya kudumu kwenye shule za watoto wa wanajeshi walio ng’ambo. Kitu asichonacho ni darasa lake mwenyewe, na hajawahi kuwa nalo hata siku moja.

“Nimefundisha watoto zaidi ya elfu,” anasema. “Wote wa kuazima.”

Kwenye stoo ya nyumba yao ya kambini kuna sanduku la plastiki la buluu. Ndani yake mna kadi za herufi, ramani ya dunia, zulia dogo la kusomea, na kibao cha mbao ya mvinje kilichochongwa maneno “Bi. Guidry”.

Kibao hicho alikichonga baba yake, Ovide, fundi seremala wa Louisiana, mwaka Renita alipohitimu chuo. Kilikuwa kitundikwe kwenye mlango wa darasa lake la kwanza. Kiangazi hichohicho akaolewa na Alvin, mwanajeshi, na amri ya uhamisho ikafika kabla ya shule kufunguliwa.

Tangu hapo sanduku limekwenda Carolina Kaskazini, Hawaii, Japani bara na sasa Okinawa. Mfanyakazi anayepima uzito wa mizigo ya jeshi analijua. Alvin analijua zaidi, maana mgongo ni wake.

“Kila kambi nambeba yeye, watoto wawili na hilo jeneza,” analalamika, na mkewe anampiga na kitambaa cha jikoni.

Kila walipohamia, Renita alianza upya chini kabisa ya orodha. Na kila alipompigia simu baba yake, mzee aliuliza jambo moja kabla hata ya salamu kuisha: “Kibao umekitundika?”

“Bado, Baba.”

Miaka mitano iliyopita mzee alilazwa, mapafu yamechoka. Renita alimpigia wakati wa chakula cha mchana, akiwa peke yake katika darasa namba kumi na nne alikokuwa ameshikilia nafasi ya mtu. Swali likaja, mara hii kwa pumzi za kuhesabu.

“Nikamwambia ndiyo,” anasema Renita, akiangalia mikono yake. “Akauliza kiko mlango gani. Nikasema namba kumi na nne. Akauliza kama kimenyooka. Nikasema kimenyooka, Baba, kinaonekana tangu mwanzo wa ukumbi.”

Ovide alifariki siku tatu baadaye. Tangu wakati huo, anasema, hajawahi kupita mbele ya mlango ule bila kutazama usawa wa macho, mahali ambapo kibao kingekaa.

Miaka miwili iliyopita nafasi ilitokea hapohapo: darasa la nne, namba kumi na nne. Renita akaitwa kwenye usaili. Shule nzima iliona mambo yamekwisha, na mpishi wa kantini alimpongeza kabisa.

Walioijua shule hawakuujua usaili.

Usaili wa shule hizi una taratibu zake. Maswali yameandikwa, na kila mwombaji anasomewa maneno yaleyale. Wasaili hawaruhusiwi kutabasamu, kutikisa kichwa wala kuuliza “enhe, ikawaje?” Wanaandika tu. Na alama hutolewa kwa yale uliyoyasema humo chumbani. Hata kama msaili alikuona kwa macho yake ukimtoa mtoto motoni, usiposema, hukumtoa.

Aliyesoma maswali alikuwa Patrice Hollander, mwalimu mkuu, ambaye hugawana na Renita viazi vitamu vya zambarau karibu kila mchana. Siku hiyo alikaa kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti.

Akasoma: “Eleza hali ya dharura uliyowahi kukabiliana nayo ukiwa na wanafunzi.”

Renita alikuwa na jibu ambalo mwalimu mwingine angelinunua. Septemba moja kimbunga kiligeuka ghafla, barabara za kambi zikafungwa, na watoto arobaini na mmoja wakakwama shuleni kwa saa tisa. Malipo yake ya siku yalikwisha mchana, lakini alibaki. Jocelyn, binti ambaye baba yake alikuwa baharini, alitetemeka mpaka meno yakagongana. Renita akawagawia watoto karatasi na kuwaambia wakiandikie kimbunga barua ya kukigombeza.

Barua moja bado anaihifadhi: “Umemtisha mbwa wangu. Ona haya.”

Patrice alikuwepo siku hiyo, mwanzo mpaka mwisho. Kwa hiyo Renita, mbele ya wasaili, akajibu hivi: “Ni ile siku ya kimbunga, kama unavyokumbuka. Tulifanya tulichoweza.”

Kisha, kwa adabu, akasubiri swali linalofuata.

Wahenga walisema kizuri chajiuza. Wahenga hawakuwahi kufanya usaili wa serikali ya Marekani.

Kazi alipewa Bethany Kruse, binti wa miaka ishirini na sita kutoka Ohio, aliyejieleza kwa ufasaha na ambaye kimbunga alikuwa amekiona kwenye televisheni. Siku ya kwanza alimuuliza Renita karatasi zinawekwa wapi. Renita akamwonyesha, pamoja na dirisha linalovuja na mtoto wa kutomkalisha karibu nalo.

“Nilitaka kumchukia,” anakiri. “Akaniharibia. Ni mtu mzuri mno.”

Januari mwaka huu Bethany alitangaza kwamba anarudi kwao kuolewa. Mlango namba kumi na nne ukawa wazi tena. Lakini safari hii kulikuwa na saa ukutani: Alvin anastaafu jeshi Julai, baada ya miaka ishirini na miwili. Renita akikosa ajira, wanarudi Louisiana, na hakuna Januari nyingine.

Aliyeushika msiba huu kwa mikono miwili ni Higa Tomoko, mwanamke wa Okinawa ambaye amekuwa karani wa shule kwa miaka ishirini na sita. Ni sauti yake inayopiga simu alfajiri.

“Renita-san, kaa hapo,” alimwambia jioni moja ofisini, kwa ile “san” ya heshima ya Kijapani, akavuta kiti. “Mimi ni ukuta. Sikujui. Ukuta unauliza: ulifanya nini siku ya kimbunga?”

“Tulijitahidi kuwatuliza watoto...”

“Ulijitahidi na nani? Mimi nilikuwa huku nafuta maji. Wewe ulifanya nini?”

“Tomoko-san, naona kama najisifu.”

“Ajabu! Mimi ndiye wa hapa, nimefundishwa kuona haya tangu tumboni. Wewe Mmarekani ugonjwa huu nani kakuambukiza?”

“Mama yangu. Alisema anayejipigia makofi hana mkono wa kufanyia kazi.”

“Mama yako alipata kazi kwenye shule ya jeshi?”

“Hapana.”

“Basi tuendelee.”

Nyumbani Alvin alishika zamu, mwiko mkononi, saa ya kupikia mayai mezani, uso umekakamaa kama yuko gwarideni. Kila Renita aliposema “kama unavyojua”, mwiko uligonga meza.

“Sijui chochote,” alisema Alvin. “Nimekuoa jana.”

“Ungenioa jana ungekuwa umeosha vyombo.”

“Alama sifuri. Swali linalofuata.”

Ilikuwa ni Alvin pia aliyegundua jambo kwenye fomu. Kwa miaka yote Renita aliweka alama kwenye mahali pamoja tu, pale alipokuwa mumewe. Mwaka huu Alvin aliketi karibu naye, akachukua kipanya cha kompyuta, na kuweka alama kwenye kila nchi iliyoorodheshwa.

“Nikamuuliza, wewe utakuwa wapi?” anasimulia Renita. “Akasema, jaza fomu, mama. Mengine si ya fomu.”

Usaili ulifanyika Machi, saa tatu asubuhi. Patrice akavaa uso wake wa pasipoti. Swali la kimbunga likaja neno kwa neno.

Safari hii Renita alieleza yote. Alieleza upepo, watoto arobaini na mmoja, meno ya Jocelyn, barua, na jinsi alivyohesabu vichwa kila baada ya dakika kumi. Alimweleza Patrice habari za Patrice: kwamba mwalimu mkuu alikuwa ameketi sakafuni karibu naye, viatu vimelowa, na kwamba yeye, Renita, ndiye aliyemshauri asizime taa za ukumbi hata watoto walipolala.

“Ni kitu kigumu kumsimulia rafiki yako siku mliyoishi pamoja kana kwamba hakuwepo,” anasema. “Kalamu yake ilisimama kidogo, halafu ikaendelea.”

Wiki nne zikapita. Subira huvuta heri, lakini haisemi heri ya nani. Katikati ya Aprili habari zikaja kwamba darasa namba kumi na nne limepata mwalimu. Ni mtu aliyemo kwenye ajira tayari, anayehamishwa kutoka Ujerumani, na waliomo huhamishwa kwanza kabla ya wapya kuajiriwa. Haikuwa dhuluma, ni utaratibu tu.

Renita alifundisha siku ile mpaka kengele ya mwisho. Halafu akaenda stoo, akaketi juu ya sanduku la buluu, akalia. Alilia kwa ajili ya mlango, na kwa ajili ya mzee aliyekufa akiamini.

Simu ya pili ilikuja siku sita baadaye, akiwa kwenye foleni ya duka la kambi na maziwa mkononi. Alama zake za usaili zilikuwa juu kiasi cha kutosha kumwingiza kwenye orodha ya nchi zote. Kulikuwa na darasa la nne katika shule ndogo ya kambi kaskazini kabisa mwa Japani, ambako theluji hufunika madirisha. Ajira ya kudumu. Alikuwa na siku mbili za kujibu.

“Swali langu la kwanza lilikuwa la kijinga,” anasema. “Nikauliza, ni mlango namba ngapi? Yule dada akasema, mama, hilo silijui.”

Alirudi nyumbani akiwa na hofu, kwa sababu Alvin alikuwa akiisubiri Louisiana kama mtoto anavyosubiri sikukuu. Ana mtumbwi kwa kaka yake. Ana kijito anachokizungumzia usingizini.

Akamweleza jikoni, haraka haraka, akimalizia na kwamba anaweza kukataa, si kitu.

Alvin alizima jiko kwanza. “Miaka kumi na tisa umenifuata,” akasema. “Hukuniuliza hata siku moja kama huko tuendako kuna baridi. Sasa na mimi niandike kama mtegemezi wako.”

“Na kijito?”

“Kijito hakihamishwi. Kitanisubiri.”

Siku Renita aliyokwisha kusaini mkataba, Patrice alimfuata darasani na viazi viwili vya zambarau kwenye karatasi.

“Sasa naruhusiwa kuongea,” akasema. “Umeniacha na donge miaka miwili. Na hata mara hii hukusema kuhusu soksi.”

“Soksi gani?”

“Viatu vyangu vililowa, ukanivulia soksi zako. Ukakaa miguu mitupu saa nne nzima. Ile ingekuwa alama nyingine, Renita!”

Wakacheka mpaka wakafutana machozi. Kisha hawakucheka tena, kwa sababu zilikuwa zimebaki wiki chache tu kabla ya Juni, mwezi wa kuagana.

Wafungaji wa mizigo wanakuja Jumatatu. Kwa sasa Renita anamwandikia mwalimu mpya wa namba kumi na nne ukurasa mzima: karatasi ziko wapi, dirisha gani linavuja, Jocelyn, atakayeingia darasa hilo Agosti, asipewe kiti cha karibu nalo upepo ukivuma. Analiangalia darasa muda mrefu kuliko inavyohitajika. Anakubali kwamba alilitaka hili, si lingine, na kwamba bado analitaka.

Wiki iliyopita walikwenda ofisi ya kambi kubadilisha vitambulisho. Kwa mara ya kwanza katika ndoa yao, jina la mwajiriwa lilikuwa la mke. Karani, kijana mwenye haraka, alimuuliza Alvin anakwenda kaskazini kufanya kazi gani.

“Kubeba sanduku,” alijibu Alvin.

Lakini kibao hakitakuwamo ndani ya sanduku. Renita amekifunga kwenye shati kuukuu la kazi la baba yake, na atapanda nacho ndege mkononi. Siku ya kwanza ya Agosti, anasema, kabla ya kutafuta karatasi, kabla ya kujua majina ya watoto, atatafuta nyundo.

“Nitakipima mara mbili kinyooke,” anasema. “Nilimwambia kumi na nne. Namba atanisamehe.”