Kipimo Kilichosikia Mawazo

Siku yangu ya kwanza kazini, mfagiaji wa wodi alinionya kwamba kipimo cha daktari, kile chenye mipira ya masikioni, husikia mawazo ya muuguzi. Nikaamini yote! Mimi, mwenye diploma ya shule ya usiku yenye mihuri ya kutosha kuzamisha mtumbwi. Kila asubuhi kwenye "tour", yaani daktari akipita kitanda kwa kitanda, tulijipanga mikono nyuma, jibu letu moja: "Ndiyo, Docteur." Nami kichwani nilikariri hesabu za kuzidisha, asije akasikia majina niliyompa.

Uhuru ulipofika, daktari Mbelgiji akapanda ndege. Assistant médical wetu, yaani msaidizi wa daktari, Mkongo mwenzetu aliyesimama nasi mstari uleule, akawa Mkurugenzi. Tulicheza hadi sakafu ikalia. Kesho yake akavaa kile kipimo shingoni, akasema: "Mikono nyuma." Hapo ndipo hasira yangu ilipoanza, na yenyewe haijastaafu.

Miaka michache baadaye, wakati wa uasi dhidi ya serikali, wagonjwa walilala hadi chini ya vitanda. Mmoja wao alikuwa papa, yaani mzee, mvuvi wa maporomoko ya mto, mguu umeoza kwa jeraha la risasi. Sindano ya kwanza ya penisilini ilimvimbisha midomo na kumkata pumzi. Wodi nzima iliona. Kesho yake Mkurugenzi akaja na sindano ya pili.

Feza, muuguzi wa kitanda kile, akatoka mstarini.

"Chef, ile dawa inamukataa. Jana alikuwa karibu kufa."

"Nani amekuuliza?"

"Hakuna mutu. Lakini iko mugonjwa yangu."

"Bon! Toka inje, mama docteur!"

Akamfukuza, akadunga. Papa yule alikufa mbele yetu, ameng'ang'ania shuka. Mkurugenzi akatangaza: "Vita imemuua." Mstari ukajibu: "Ndiyo, Chef."

Vita! Vita ndiyo iliyoshika sindano? Feza akapelekwa kufua bandeji hadi uasi ulipokwisha. Na ninyi wauguzi vijana mnaniambia bado mnasimama mikono nyuma. Mnataka nirudi kazini na fimbo?

Kwenye karamu ya kustaafu kwangu nilimtania Feza: "Ulithubutu namna gani, na kile kipimo kinasikia mawazo?"

Hakucheka.

"Papa Alfani, ile kitu inasikia moyo na mapafu tu. Kama ingesikia mawazo, ule papa angepona. Siye wote kwa mustari tulikuwa tunawaza neno moja."