Mamba wa Saruji Apata Uzio

Tangu biashara ziachiwe huru, kila mwenye hoteli hapa Kibiti anabuni lake ili mabasi yasimame kwake. Mmoja amejenga mamba wa saruji, mrefu kama lori, kinywa wazi. Mwezi uliopita nilikuwa nasubiri basi hapo, na mwanangu alikwisha kukaa juu ya meno na wenzake, wananing'iniza miguu.

Mama mmoja wa Mbuchi, kijiji cha kule delta, aliyemletea mwenye hoteli beseni la kamba wabichi, akashika kiuno.

"Baba, uzio uko wapi?"

Mwenye hoteli akacheka. "Mama, huyu wa saruji!"

"Mimi najua, mtoto hajui. Akizoea kumkalia huyu, kesho atamkalia yule wa mtoni tunakoteka maji. Weka uzio, au kamba kapike wa saruji."

Bwana yule akasonya, lakini akaagiza miti.

Jana nimepita tena. Mamba amezungushiwa miti kama tunavyozungushia pa kutekea maji mtoni mamba wasitufikie, na ukiwa barabarani unaona pua tu. Nilidhani biashara imekufa. Kumbe mabasi yamepangana! Abiria wanachungulia kwenye nafasi za miti, na utingo anawaonya, "Msiingize mikono, jamani!"

Mwanangu, yuleyule aliyekalia meno, akaninong'oneza, "Mama, anakula nini?"

"Watoto wanaobakiza wali."

Sahani yake ilirudi nyeupe. Mwenye hoteli, uzio huo usiubomoe. Nina wengine wawili nyumbani.