Gasketi Iliyorudishwa

Aliyenifundisha kusikiliza injini ni shemeji yangu, mdogo wake mume wangu. Ana gereji Buhongwa, na mimi nilikuwa na kirikuu, kapikapu kadogo ka mizigo nilikokanunua kwa jasho langu mwenyewe. Kila asubuhi nilikwenda Kisesa kuchukua maziwa kwa wafugaji, nikayasambaza kwenye migahawa ya Buhongwa na ya kwetu Mkolani. Maziwa hayana subira. Gari likikuzimikia njiani jua limewaka, yameganda, na wenye migahawa wamekwishapata mtu mwingine.

Kwa hiyo gari lilipoanza kumisi nilikimbilia kwa shemeji. Likisimama lilitetemeka, nikikanyaga mafuta lilikohoa na kukataa kuchanganya mwendo.

"Shem, umelilisha nini hili?" akanitania. "Au umelinywesha maziwa?"

"Nimelinywesha uvivu wa fundi wake," nikamjibu. Ndivyo tulivyoishi, matani kutwa.

Akaniita karibu na injini ikiwa inaunguruma. Akachomoa waya wa plagi ya kwanza, muungurumo ukadhoofika. Akaurudisha, akachomoa wa pili: hakuna kilichobadilika. "Silinda hii imelala," akasema. Akaiwekea plagi mpya, ikaendelea kulala. Injini ilipopoa akafungua mfuniko wa rejeta, akawasha tena, nikaona maji yanatoa mapovu kama uji jikoni. Akanieleza taratibu kwamba ile ni hewa ya moto kutoka kwenye silinda, inapenya kwenye maji kwa sababu gasketi ya silinda hedi, inayozuia moto na maji visikutane, imeungua. Alipoifungua nikajionea mwenyewe. Weusi ulikuwa umeila ubavuni, kwenye tundu la katikati.

Tulikwenda mjini kutafuta nyingine, mimi, yeye na mume wangu. Muuza spea akatuwekea mbili mezani. Moja ilikuwa laini, inakunjika kama boksi. Nyingine ya chuma, tabaka juu ya tabaka. Shemeji akailinganisha kila moja na ile ya zamani, tundu kwa tundu. "Hii laini ukiifunga utanilaani," akasema. "Chukua ya chuma." Nikachukua ya chuma, nikamkabidhi mkononi. Tuliporudi gereji nilitaka kubaki nione anavyoifunga, mume wangu akacheka. "Mwache mdogo wangu afanye kazi. Unamsimamia kama mwizi?" Nikaona haya, nikaondoka naye.

Gari likarudi linaimba. Mwezi haukuisha, likaanza kumisi tena. Safari hii shemeji hakuchomoa hata waya mmoja. "Shem, injini imechoka. Liuze mapema, lisije kuwa chuma chakavu." Mume wangu akaongezea kwamba fundi akishasema, amesema. Nilianza kuulizia wateja, huku roho inaniuma.

Halafu likanizimikia Kisesa, limejaa maziwa. Kulivuta mpaka Buhongwa sikuweza, nikamwita fundi wa palepale. Aliponyanyua hedi akanigeukia. "Mama, hapa walikwambia wamebadilisha nini?"

Nikachungulia. Haikuwa ile ya chuma. Ilikuwa gasketi yangu ya zamani, na weusi wake ubavuni, imepakwa gundi na kurudishwa. Maziwa yote niliyamwaga mtaroni siku hiyo, na shemeji nilimtukana, ingawa hakuwepo kunisikia, kwa matusi ambayo sikujua kama ninayajua. Mtu tuliyekula naye sahani moja! Mtu aliyenifundisha kuyatambua mapovu, akijua siku moja nitayaona tena!

Lakini njia nzima ya kurudi Mkolani sikumfikiria yeye. Nilimfikiria mume wangu. Huyo mdogo wake, yeye ndiye aliyemlea tangu wazazi wao walipofariki, na niliogopa nitakachomwambia kitamvunja moyo, au kitamfanya amfuate ampige. Nilipanga maneno, nikayapangua, nikayapanga tena yawe mepesi.

Nilimkuta kibarazani. Nikamwambia polepole, kama mtu anayepeleka taarifa ya msiba, kwamba gasketi haikubadilishwa. Hakushtuka. Akauliza, "Nani amelifungua?"

"Fundi wa Kisesa," nikasema.

"Nilimwambia alifanye lisumbue kidogo, ulichoke," akasema. "Sikumwambia alifanye lizime barabarani."

Nikakaa. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia niache. Akasema watu wanasema, mke wake kutwa yuko barabarani na wanaume wa maziwa, na yeye amechoka kuulizwa kama mwanamke ndiye anayemlisha.

"Na ningekwambia uache," akasema, "ungeacha?"

"Nisingeacha."

"Sasa je!" akasema, kama mtu aliyeshinda kesi, akauliza jioni tunakula nini.

Nilimpikia. Nililia jikoni, kwa uchungu ambao sikuwahi kumlilia nao mtu aliye hai. Kesho yake nikanunua gasketi nyingine ya chuma, nikaipeleka Kisesa, nikasimama kichwani kwa fundi mpaka boliti ya mwisho ikakazwa. Shemeji alikuja baadaye kuomba radhi, nikampa. Alitumwa na kaka yake, naye hajui kumkatalia.

Mume wangu hajaomba. Maziwa bado nayafuata, na jioni huniuliza gari linaendeleaje. Namjibu zima. Hata siku limenichemkia njiani, namjibu zima.