Ndizi Si Mbegu

Wanaomjua Milka leo humsifu mpaka wanakera. Mama wa miti, mama wa maombi, mama wa hiki na kile. Mimi nilianza kumjua wakati ananitia njaa, kwa hiyo niacheni nisimulie mimi.

Naitwa Dorca. Nimeolewa na Joram, na Milka aliolewa na Zadock, kaka mkubwa wa Joram. Boma letu liko Seme, karibu na ziwa kiasi kwamba upepo ukivuma jioni unanusa omena, wale dagaa wa ziwani, walioanikwa. Milka hakuwa mtu wa shamba. Yeye na mumewe walikaa Nyalenda kule Kisumu, Zadock akipakua mizigo bandarini, Milka akifanya kazi nyumbani kwa Mama Kantaben, mke wa Mhindi mwenye duka la vitambaa. Krismasi walikuja na mikate na sukari, tukawachinjia kuku, wakarudi zao. Mwishoni mwa mwaka wa 1985 Zadock akashikwa na homa, na wiki haikuisha. Tulimleta nyumbani tukamzika mbele ya nyumba yake. Mtoto hawakuwa wamejaliwa. Sote tulidhani Milka atarudi mjini, lakini hakurudi.

Sasa nisikilizeni, maana bila haya hamtaielewa hasira yangu. Katika boma letu mbegu ina zamu. Mama mkwe hupanda kwanza, kisha mke wa mtoto wa kwanza, kisha mke wa mtoto wa pili, hivyo hivyo mpaka mwisho. Ukiruka zamu umeita kifo nyumbani. Na mjane, kabla hajarithiwa na mwanamume wa ukoo wa marehemu, hapandi mbegu wala haingii nyumba ya mtu. Hebu hesabuni wenyewe. Anapanda Mama Perez, mkwe wetu. Baada yake ni Milka, na baada ya Milka ni mimi. Milka asiporithiwa, zamu imekwama kwake, na mimi nimekwama nyuma yake kama ndama nyuma ya ng'ombe aliyelala langoni.

Aliyepangwa kumrithi ni Absalom, binamu wa waume zetu, mtu wa maneno mengi na suruali moja. Milka akakataa. Watu wa kanisa wakafurahi, wakidhani amekataa kwa ajili ya Yesu. Amolo, mwalimu wetu wa kanisa, akaja na Biblia kumpongeza.

"Mwalimu, usinipe sifa isiyo yangu," Milka akamwambia. "Nimemkataa kwa sababu simtaki."

Yawa! Mwalimu Amolo alitazama viatu vyake, akaaga, akaenda.

Mvua ya 1986 ikaja. Mama Perez akapanda mahindi na mtama wake. Mimi nikasimama na jembe begani, shamba langu limelimwa, jeusi, limelainika, na siwezi kulitia hata punje moja. Watu wananiambia subira huvuta heri. Heri gani? Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Nilikuwa na watoto watano, na Joram alikuwa akileta omena kutoka ziwani, lakini omena bila ugali ni kitoweo cha kutazamana. Nilipiga magoti nikamwomba Mungu amwondoe yule mwanamke. Asimwondoe kwa ubaya, ila tu arudi kwao Gem aolewe na mtu mwingine. Dua la kuku halimpati mwewe. Milka alikaa.

Halafu asubuhi moja nikamwona anachimba mashimo. Alikuwa amekwenda mjini kwa Mama Kantaben akarudi na gunia, na ndani ya gunia mlikuwa na machipukizi ya migomba, vijiti vya mihogo, nduma, matawi ya viazi vitamu na miche ya mipapai imefungwa kwa kitambaa chenye maji. Nilikimbia kwa Mama Perez na kanga mkononi. Nilisema sasa tumekwisha, Milka anapanda!

Mama Perez alikuja na fimbo yake, taratibu, mimi nyuma yake. Akasimama juu ya shimo.

"Nyar Gem," akamwita, maana kwetu mke huitwa kwa mahali alikozaliwa. "Nani amekuruhusu kutia mbegu?"

"Mama, sijatia mbegu. Hii ni ndizi. Ndizi ina mbegu?"

Mama Perez akainama, akaligeuza lile chipukizi kwa ncha ya fimbo. "Na mihogo?"

"Ni kijiti, Mama."

"Nduma?"

"Ni kiazi chake kimekatwa."

Nikaona ananiponyoka. Nikadakia, "Na mpapai je? Huo ni mti! Mwanamke akipanda mti si mumewe hufa?"

Milka akaniangalia. "Dorca," akasema, "wangu ameshakufa."

Nilitamani ardhi ifunguke. Kisha Mama Perez akaanza kucheka, kicheko kidogo kilichotoka puani, na kikakua mpaka akaegemea fimbo, na machozi yanamtoka. Alikuwa hajacheka tangu tumzike mwanawe. Akajipangusa kwa leso, akasema, "Ndizi si mbegu. Chimba." Akaenda zake.

Kwa hiyo Milka akawa na ruhusa na mimi sina kitu, kwa sababu zamu ya mbegu ilibaki palepale imekwama. Jioni ile nilimfuata ugomvi. Nilisimama nje ya ua nikapaza sauti boma lote lisikie: watoto wangu wale kiburi chako? Utawapikia majani ya mgomba? Milka aliniacha mpaka nikaishiwa. Halafu akanyanyua chipukizi moja, lina udongo bado, akaliweka miguuni pangu.

"Na wewe chimba," akasema. "Ruhusa imeshatoka."

Nilienda nalo kwa sababu sikutaka kurudi mikono mitupu baada ya kupiga kelele kiasi kile. Nikalitupa nyuma ya jiko. Likakaa huko mpaka mwanangu mdogo akaniuliza, mama, na sisi tutapanda lini? Basi nikalipanda. Sikulipanda kwa upendo, andikeni hivyo.

Nitawaambia alivyofanya kazi, maana hapa simwonei wivu wa kumficha. Sisi tulizoea shamba la wazi, mahindi yamepangwa mistari, jua linapiga mpaka chini. Milka alijifunza nyuma ya nyumba ya Mama Kantaben, kiwanja kidogo kama ua wa kuku, lakini kila kitu kimekaa chini ya kingine: mwembe juu, ndizi chini yake, mlimau, kisha manjano na nduma penye kivuli na maji ya kuoshea vyombo. Hakuna udongo uliokaa uchi. Akafanya hivyo hivyo Seme. Majani yote yaliyoanguka aliyaacha. Takataka za jikoni akazimwaga chini ya migomba, na huko maboga yakaota. Nikaenda tena kwa Mama Perez. Safari hii hakusimama hata. "Nani ameyapanda?" akaniuliza. Nikasema takataka. "Basi nenda ukaigombeze takataka." Na osuga, ile mboga chungu, ikaota kila mahali kwa mavi ya ndege. Ndege wa Seme hawana zamu.

Mwaka wa pili nilikuwa nakwenda kwake kuomba matawi ya viazi, uso nimeukunja. Mwaka wa tatu nilikuwa nakwenda bila kuukunja. Na sikuwa peke yangu. Wake wadogo walionifuata kwenye zamu walikuwa wamekwama kama mimi, na jirani yetu Selpha alikuwa mjane vilevile. Milka haruhusiwi kuingia nyumba ya mtu, kwa hiyo aliyetaka kumwona alimfuata nje, kwenye migomba. Huko ndiko tulikozoea kukaa. Tukaanza kusaidiana kuchimba, leo kwako, kesho kwangu, kidole kimoja hakivunji chawa. Jumapili tulikuwa Kibuye kule Kisumu kuuza mapapai na ndizi, siku ya soko kubwa, basi kanisani tukakosekana. Tukachagua Jumatano. Tunachimba, tunakula viazi, tunaimba nyimbo za kanisa tulizokosa.

Na Milka alikuwa akiomba. Sala yake ilikuwa fupi mpaka niliona haya kwa niaba yake. Anashika udongo, anasema: "Mungu, asante kwa kilichoshika. Na kisichoshika unakijua mwenyewe." Amina. Basi.

Siku moja nilimuuliza. Nilimwambia, wewe ulipokuja hapa kanisani ulikuwa huendi hata kwa bahati mbaya. Umeanza lini?

Alikuwa anamwagia mche maji kwa kikombe. Akanieleza kwamba Mama Kantaben alikuwa na mmea wa mrehani kwenye chungu, na kila asubuhi aliumwagia maji, akafumba macho na kuunganisha viganja. "Nilikuwa namcheka nikiwa jikoni," akasema. "Baada ya Zadock kufa sikuweza kumwambia Mungu neno lolote. Nilikuwa nimemkasirikia. Lakini hii migomba ilitaka maji alfajiri, ikabidi niamke. Nikawa namwaga maji, namwaga, na asubuhi moja nikajikuta naongea. Na nikajua nasikilizwa."

"Kwa hiyo umefundishwa kuomba na Mhindi?" Nilishtuka kweli, mimi mtoto wa kanisa.

"Alinifundisha kuamka, Dorca. Kuomba kulikuja baadaye."

Sikulala vizuri kwa maneno hayo. Miaka yote nilikuwa namwomba Mungu kwa bidii, na mara ya mwisho nilipomwomba kwa machozi ilikuwa amwondoe huyuhuyu.

Mwalimu Amolo alikuja Jumatano moja kutukemea kwa ajili ya Jumapili. Selpha akampa jembe. Alikemea kidogo, akachimba kidogo, akapewa papai. Jumatano iliyofuata alikuja na shati kuukuu.

Sasa fikeni mwaka wa 1990, kabla ya mvua ndefu. Absalom hakuwa amesahau. Aliona miti inazaa, na shamba la marehemu limependeza, akaita kikao cha ukoo nyumbani kwa Mama Perez. Wazee walikaa kwenye viti, Joram wangu katikati yao, sisi wanawake chini. Milka hakuruhusiwa kuingia, kwa hiyo alisimama nje ya mlango, jua linampiga, akisikiliza anavyoamuliwa.

Absalom akasema: arithiwe kabla ya mvua, la sivyo arudi Gem, na shamba libaki kwa ukoo. "Si kwa ajili yangu," akasema, na mkono kifuani. "Namhurumia mke wa Joram. Miaka minne shamba lake limelala. Dorca, waambie wazee. Shamba lako limelala au halijalala?"

Wote wakanigeukia. Neno langu ndilo lililokuwa likingojewa, kwa sababu mimi ndiye niliyedhulumiwa, na kelele zangu za 1986 zilisikika mpaka ng'ambo ya mto. Kule mlangoni niliona kivuli cha Milka sakafuni. Hakikutikisika.

Jamani, nitasema ukweli: sikufikiria Milka kwanza. Nilifikiria migomba yangu. Damu ilinipanda.

"Limelala?" nikasema. "Absalom, umeliona lini? Unalala wewe! Hao watoto wangu wamenenepa kwa upepo? Ndizi ulizokula hapo ukiingia zimetoka wapi? Ukimtoa Milka nani atatuitia Jumatano? Wewe? Unajua hata nduma inataka kivuli?" Nikanyoosha kidole mlangoni. "Akienda Gem," nikasema, "mimi namfuata."

Joram akafunika uso kwa mkono. Wazee wakakohoa. Mama Perez akanyanyuka, akaingia chumbani, akatoka na kibuyu alichowekea mbegu zake za mahindi. Akapita katikati ya wanaume bila kuomba njia, akatoka nje mpaka kwa Milka.

"Boma hili ni la nani?" akauliza bila kugeuka.

Akajijibu mwenyewe.

"Ni langu mpaka nife. Nyar Gem, lete mkono." Akautia mkono wa Milka ndani ya kibuyu pamoja na wake, akasema mvua ikinyesha watapanda pamoja, mkono juu ya mkono, na kama kuna kifo kinatafuta mtu, kimtafute yeye Perez, ni mzee na yuko tayari. Kisha akamshika Milka akamwingiza nyumbani mwake. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuvuka kizingiti cha mtu tangu mazishi. Alisimama ndani akitazama kuta kama mgeni, halafu akakaa chini pembeni yangu akalia, nami nikalia, na Absalom akatafuta kofia yake.

Mvua ikanyesha. Walipanda, yule mzee na yule mjane, mkono juu ya mkono. Halafu Mama Perez akaja kwangu akanijazia kiganja mahindi. "Zamu yako," akasema. "Umengoja sana."

Nilishika zile punje kwa nguvu, nikatembea mbio mpaka shambani. Nilikuwa nimeiota siku hiyo. Nikaingia kwenye migomba nikitafuta mahali. Chini ya migomba palikuwa na nduma. Penye mwanga palikuwa na mihogo, na kati ya mihogo viazi vimetambaa mpaka uani. Nilizunguka, nikarudi, nikazunguka tena. Mahindi yanataka jua, na shamba langu zima lilikuwa kivuli.

Nilisimama pale na mbegu mkononi nikacheka peke yangu mpaka Milka akaja kuona nina nini. Nikamfungulia kiganja. Akatazama juu, akatazama chini, akaelewa.

Ilikuwa Jumatano. Tulizichemsha na maharagwe, tukawagawia wote waliokuja, na Mwalimu Amolo akaongezwa.